Mdomo wa Nyanda

Sehemu ya Saba: Kanga na Kipaza Sauti

Ninyi mliopiga simu gazetini wiki nzima mkiuliza kama Nyanda amekatwa panga, shusheni pumzi. Hakukatwa.

Mnakumbuka tulipomwacha. Yuko mlangoni kwake, Somanda, hapa Bariadi. Asubuhi. Fulana ameivaa nje ndani. Mbele yake amesimama Mwanamisi, mama muuza kanga ambaye Nyanda huyohuyo alimsema vibaya redioni, mkoa mzima wa Simiyu ukisikia. Na mkononi mama huyo ana kitu kirefu, kimeviringishwa kwenye kanga.

Mwanamisi akaanza kuifungua ile kanga.

Nyanda akafumba macho.

"Fumbua," alisema Mwanamisi. "Ningekuwa na panga nisingepiga hodi."

Nyanda akafumbua jicho moja. Kilikuwa kipaza sauti. Kile cha kushika mkononi, chenye mdomo kama wa tarumbeta, ambacho Mwanamisi hutangazia kanga zake siku za mnada.

"Nimekuja tugombane," alisema. "Lakini si hapa mlangoni. Hewani."

"Mama Naila, mimi hewani sipo. Nimefukuzwa. Na wewe ndiye uliyenifukuzisha!"

"Mimi?"

Hapo tuwasubiri kidogo wanaoingia leo. Nyanda alikuwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi cha Redio Mbiu. Kipindi kinaitwa Mwangaluka, ile salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na hakuna jiko Bariadi lililokuwa linawashwa bila sauti yake. Siku moja akazungumzia uchaguzi wa mwenyekiti wa soko. Kwanza akauliza kwa nini choo cha soko kina kufuli tangu masika. Halafu ulimi ukateleza, au haukuteleza, akasema: "Soko hili ni la wenyeji. Wakuja watuuzie kanga, sawa. Kututawala, hapana."

Mgombea asiye Msukuma alikuwa mmoja tu. Mwanamisi.

Jioni ile ile Nyanda akakabidhi funguo za studio.

"Meneja Method kaniambia kwa mdomo wake," Nyanda aliendelea. "Kasema ulikwenda ofisini unalia. Ukasema nisipofukuzwa utafika mpaka Dodoma."

Mwanamisi aligeuka akatazama nyuma yake, kana kwamba anamtafuta Mwanamisi mwingine.

"Nyanda. Mara ya mwisho mimi kulia ni siku Naila wangu alipoolewa. Redioni nilikwenda, kweli. Nilikwenda kuomba nafasi nikujibu! Nimejipanga, maneno yananiwasha ulimi kama pilipili. Naambiwa mada imefungwa, mtangazaji ameondolewa, mama nenda kapumzike. Nipumzike nini? Umenisema mbele ya watu, halafu wamekuficha. Sasa nimjibu nani? Ukuta?"

Kutoka ndani sauti ya mke wa Nyanda, Benedikta, ikaita.

"Karibu ndani, mayu, mama yangu. Mwache huyo hapo nje na fulana yake."

Mwanamisi akapewa kigoda, akawekewa sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vikavu vilivyochemshwa, na karanga pembeni. Akala bila kujivunga. Ugomvi ni ugomvi, lakini matobolwa ya Benedikta ni mengine.

"Mimi nilimwambia siku ile ile," alisema Benedikta. "Nikamwambia, baba, leo umesema upumbavu. Lakini upumbavu wake nimeuzoea. Kinachonitisha ni huu ukimya. Unajua anafanya nini tangu afukuzwe? Anawasomea kuku taarifa ya habari."

"Benedikta!"

"Jogoo ameanza kuhama nyumba, mayu. Nakuambia kweli."

Mwanamisi akacheka hadi karanga ikampalia. Kisha akajifuta mdomo, akasimama, akakiweka kipaza sauti begani kama jembe.

"Geuza fulana," alimwambia Nyanda. "Twende kwa huyo Method." Benedikta naye akajifunga kanga, akawafuata.

*

Redio Mbiu iko kwenye nyumba yenye bati la bluu, barabara ya kwenda Maswa. Ukiingia tu, unaona studio kwa kioo. Ndani alikuwamo Veronica, binti aliyepewa kipindi cha Nyanda. Alikuwa na simu ya msikilizaji hewani.

"Napiga kutoka Sapiwi," sauti ilisema. "Mimi nataka kuongelea hizi mbegu za pamba tulizoletewa, kwa sababu—"

"Ahsante baba. Nikuchezee wimbo gani?"

"Sitaki wimbo. Nataka kusema—"

"Basi nakuchagulia mwenyewe." Veronica akabonyeza. Ngoma ikalia. Akainamisha kichwa juu ya meza, kama mtu aliyeshikwa na tumbo.

"Ndiyo kipindi changu hicho?" Nyanda alinong'ona.

"Kimeboreshwa," ilisema sauti nyuma yao.

Alikuwa Method, meneja. Mtu mpole, tai imenyooka, jasho haliishi kwenye paji la uso. Alipomwona Nyanda alikunja uso. Alipomwona Mwanamisi aliukunjua. Alipowaona wameingia pamoja, uso ulikosa pa kwenda.

"Mama, pole sana," alisema haraka. "Sisi kama menejimenti tulishachukua hatua. Ubaguzi hatuvumilii."

"Nilikuomba uchukue hatua?"

"Malalamiko yako—"

"Yapi? Nililalamika kwa nani, siku gani, nimevaa nini?"

Na hapo, wasomaji wangu, simu yake iliyokuwa mezani ikaita. Kioo kikaandika jina: MWENYEKITI BUNDALA.

Method akairukia. Akaisukuma badala ya kuishika. Benedikta akaidaka isianguke chini, na kidole chake, sisemi kwa makusudi wala sisemi kwa bahati mbaya, kikaipokea. Simu ya Method ilikuwa imekufa spika ya sikioni, ikawa kila anayempigia anasikika chumba kizima.

"Method!" ilinguruma sauti ya Bundala, mwenyekiti wa soko, ambaye anagombea tena kiti kile kile. "Yule kijana wa choo ametulia? Safi sana. Na yule mama wa kanga usimpe nafasi ya kuongea mpaka uchaguzi upite. Mtu akiuliza, sema ni yeye aliyelalamika. Watachukiana wenyewe kwa wenyewe huko. Umenielewa? Method? Haloo?"

Benedikta akakata simu taratibu, akairudisha mezani kama anavyorudisha sahani ya watu.

"Nilimtetea," alisema Nyanda. Rangi ilikuwa imemtoka. "Mimi nimekaa hewani nikasema mwenyekiti awe mwenyeji. Nimempigia kampeni Bundala bure. Halafu Bundala ndiye aliyenifukuzisha?"

Mwanamisi alikuwa ameshika ukuta. Mabega yanatikisika. Nyanda akadhani analia. Mama alikuwa anacheka.

"Maskini wewe! Mimi umenitukana, nikakuvumilia. Yeye umemsifu, akakukata kichwa! Hakuwa na habari na tusi langu, Nyanda. Alikuwa na habari na choo chake."

"Sikuwa na jinsi," alisema Method kwa sauti ndogo. "Matangazo yote ya mnada yanapita kwake. Akiyaondoa, redio hii inafungwa. Mimi nina watoto."

"Tupe hewa tu," Nyanda alimwomba. "Mimi na mama. Nilisema hewani, anijibu hewani. Halafu nifukuze tena ukipenda."

Method akatikisa kichwa. Kwa kweli alitia huruma.

"Siwezi, Nyanda. Ondokeni tafadhali."

Mwanamisi akakishusha kipaza sauti begani, akakipuliza vumbi.

"Leo si siku ya mnada?" aliuliza.

Nyuma ya kioo, Veronica alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa ameona kila kitu.

*

Uwanja wa mnada ulikuwa umefurika. Ng'ombe upande huu, mbuzi upande ule, mitumba katikati, moshi wa nyama choma juu ya wote. Mwanamisi alisimama juu ya turubai lake la kanga, akamvuta Nyanda kwa mkono.

"Sema," akampa kipaza sauti.

"Niseme nini?"

"Yale yale. Usilainishe. Nataka kujibu ulichosema, sio ulichotamani kusema."

Watu walikuwa wameshaanza kusogea. Nyanda bila kazi, mama wa kanga kando yake, kipaza sauti mkononi: nani angekwenda kununua mbuzi? Hata wauza nyama waliacha majiko.

Nyanda akakohoa.

"Nilisema... soko hili ni la wenyeji."

"Ongeza sauti!" walipiga kelele nyuma.

"Wakuja... watuuzie kanga, sawa."

Akageuka. Mwanamisi alikuwa anamtazama usoni, umbali wa mkono mmoja, kwa utulivu kabisa. Studioni kulikuwa na kioo na vitufe. Hapa kulikuwa na macho. Nyanda alihisi maneno yaliyobaki yamekwama kooni kama mwiba wa sato.

"Malizia," alisema Mwanamisi.

"Kututawala, hapana," alimaliza Nyanda, na sauti ilikuwa ya mtoto anayesomeshwa barua ya kosa lake.

Mwanamisi akachukua kipaza sauti.

"Mwangaluka!" aliwasalimia.

"Mwangaluka, mayu!" uwanja ukamwitikia.

"Mnasubiri niwaambie nilizaliwa hapa hapa Bariadi, Sapiwi. Nilizaliwa Sapiwi, kweli. Marehemu baba alikuja na biashara yake ya chumvi, akanizaa huko, nikaokota pamba kama ninyi mpaka vidole vikatoka damu. Lakini sisemi hayo ili mnikubali! Nasema hivi: hata mtu aliyeshuka kwenye basi jana, ametandika nyanya zake hapa leo, tumbo likimshika ana haki ya kuuliza choo kiko wapi!"

Kicheko kililipuka mpaka ng'ombe wakastuka.

"Huyu Nyanda amesema mimi ni mkuja. Sawa, ni maoni yake. Ana haki ya kuwa mjinga hewani, na mimi nina haki ya kumfanya achekwe. Wakimfunga mdomo, mimi nitamcheka nani?"

Vigelegele. Mambo yalikuwa yanamwendea vizuri mama. Vizuri mno. Na ndipo sauti ikatoka katikati ya watu, nzito, ya Kisukuma hasa.

"Nyanda amesema kweli!"

Watu wakageuka. Alikuwa mzee wa makamo, mkulima wa Migato, jina lake Mayunga, ana kamba ya mbuzi mkononi na mbuzi mwenyewe nyuma yake.

"Mtoeni huyo!" kijana mmoja alipiga kelele.

"Asitolewe mtu," alisema Mwanamisi. "Baba, njoo huku. Njoo na mbuzi wako. Chukua hiki, ongea."

Mayunga hakutegemea. Akakishika kipaza sauti kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Mimi sina chuki na mtu," alianza. "Lakini mimi nikiingia kwenye maduka ya mjini, nikisema Kiswahili changu hiki, vijana wanacheka. 'Mshamba huyo. Msukuma huyo kaja kushangaa taa.' Wananiiga navyosema. Mke wangu alikataa kurudi mjini kwa ajili hiyo. Sasa Nyanda aliposema wakuja wasitutawale, mimi nilifurahi. Nilipiga makofi peke yangu nyumbani. Ndiyo hivyo."

Hakuna aliyecheka.

"Baba," aliuliza Mwanamisi, "na kwangu wanakucheka?"

Mayunga akamtazama. Akamtazama mbuzi. Akasema:

"Kwako ndiko wanakozidisha."

Loo! Uwanja ukaguna kwa pamoja. Wafuasi wa mama wakatazama chini.

Mwanamisi akageukia kibanda chake, ambako vijana wake wawili walikuwa wanakunja kanga ghafla kwa bidii ambayo hawajawahi kuwa nayo.

"Niliwahi kuwasikia," alisema, safari hii bila kipaza sauti, na watu ikabidi wasogee. "Nikadhani ni utani wa vijana. Baba, umenifundisha. Kesho mlete mama dukani kwangu. Nitakuwa mlangoni mimi mwenyewe, na hao wawili watamsalimia kwa Kisukuma. Wasipojua, utawafundisha wewe, na atakayekosea tutamcheka sisi."

"Wabeja, mayu," alishukuru Mayunga, akatabasamu. Meno yake mawili ya mbele hayakuwapo, na tabasamu lilikuwa zuri sana.

Hapo ndipo Nyanda alipoomba kipaza sauti.

"Mimi nilikuwa na neno la kweli, hili alilosema baba Mayunga," alisema. "Nikaliacha, nikachukua njia rahisi, nikamrushia jiwe mtu mmoja. Mama Naila, nilikosea. Hakuna aliyenilazimisha kusema hivi na sijaahidiwa kazi. Nimejaribu tu kuyasema yale maneno nikiwa nakutazama, yakagoma kutoka."

"Nimesikia," alisema Mwanamisi. "Uchaguzi ukifika utanipigia kura?"

"Hapana. Bado nafikiria."

"Safi! Huyo ndiye Nyanda ninayemjua!"

Watu walikuwa hoi kwa kicheko. Na katikati ya kicheko hicho, filimbi ikalia.

*

Alikuwa Bundala. Kofia ya pama, fimbo kwapani, mgambo wawili nyuma yake.

"Mkutano huu una kibali?" aliuliza.

"Mkutano upi?" alisema Mwanamisi, macho makavu kabisa. "Mimi natangaza biashara. Kibali cha kutangaza kanga ninacho, ulinipa wewe mwenyewe."

"Kanga gani unatangaza hapo?"

Mwanamisi akainama, akaokota doti ya kwanza iliyokuwa karibu, akaikunjua mbele ya watu wote.

"Kanga jamani, kanga! Mali mpya! Hii imeandikwa: ALIYEFUNGA CHOO CHA SOKO, CHAKE KIKO NYUMBANI!"

Mgambo mmoja akaziba mdomo. Mwenzake, mwenye bidii ya kazi, akasogea akasoma kwa kunyoosha kidole.

"Hapa haijaandikwa hivyo, mkuu. Imeandikwa: Mola ni mwema kwa waja wake."

"Basi Mola mwema atufungulie choo!" alidakia Mwanamisi. "Na hii nyingine, ya kijani, ya mama mkwe! Imeandikwa: MWENYEKITI UKIBANWA UNAKIMBILIA WAPI?"

"Jibu, mwenyekiti!" wakapiga kelele wauza dagaa. "Unakimbilia wapi?"

Macho ya Bundala, bila yeye kutaka, yakaenda upande wa pili wa barabara. Kwenye nyumba yake. Umati mzima ukageuka ukatazama huko huko. Mayunga alicheka mpaka akaachia kamba, na mbuzi akapata nafasi ya kutafuna ncha ya kanga ya Mola ni mwema.

"Kamata hicho kipaza!" Bundala alifoka.

Mgambo mwenye bidii akapiga hatua. Na hapo, ndugu msomaji, pakatokea jambo.

Redio zilizozimwa ili watu wamsikie mama zilikuwa zimewashwa moja moja, mtu kapigiwa simu na nduguye wa Maswa, na sauti ya Bundala ikajirudia. "Kamata hicho kipaza!" Ikatoka kwenye redio ndogo ya muuza nyama. Ikatoka kwenye redio ya bodaboda. Ikatoka kwenye kibanda cha fundi viatu, kwenye duka la dawa za mifugo, kwenye simu ya kijana wa mitumba. Mnada mzima ukasema, "Kamata hicho kipaza!"

Mgambo akasimama, mguu mmoja hewani.

Nyanda akageuka polepole. Benedikta alikuwa amesimama pembeni, mkono umeinuliwa juu, simu imeelekezwa kwao. Watu walidhani anapiga picha muda wote huo. Hakuwa anapiga picha. Alikuwa amepiga namba ya kipindi cha Mwangaluka. Na kule kwenye nyumba ya bati la bluu, Veronica alikuwa ameipokea simu, akaiweka hewani, na safari hii hakuuliza wimbo.

"Tangu lini?" Nyanda aliuliza.

"Tangu 'ongeza sauti'," alisema Benedikta. "Mkono unaniuma. Endeleeni."

Kumbe Simiyu nzima ilikuwa imesikia. Itilima, Meatu, Busega, mpaka Binza kule Maswa, walikoacha chapati zikaungua. Yale maneno ya Nyanda yaliyokwama, jibu la mama, kilio cha Mayunga, na swali la mwenyekiti anakimbilia wapi.

Bundala akavua pama, akajipepea nalo.

Kabla hajasema kitu, bodaboda ikaingia kwa kasi, ikafunga breki kwenye rundo la mitumba. Abiria alikuwa Method. Tai iko mgongoni.

"Nyanda!" alihema. "Simu! Simu za studio zote zinaita! Hazijawahi kuita hivi. Wanakutaka. Wanamtaka na mama. Wanamtaka mpaka yule wa mbuzi! Rudi kazini. Kesho asubuhi. Ila..." akamtupia jicho Bundala, "...kwa makubaliano. Usiongelee soko. Ongea mambo mengine yote. Mvua, mapenzi, mpira."

Umati ukamgeukia Nyanda. Benedikta pia, na huyu ndiye aliyejua unga ndani umebaki kiasi gani.

Nyanda akamtazama mkewe. Benedikta akatikisa kichwa. Kidogo tu, lakini akatikisa.

"Basi sirudi," alisema Nyanda. "Kama ni kutangaza mvua, kuku wangu wanatosha."

"Na mimi siji," alisema Mwanamisi.

"Na mimi siji," alisema Mayunga, ingawa hakuwa amealikwa rasmi.

Method akamtazama Bundala. Akautazama umati. Akafuta jasho, na kwa mara ya kwanza katika hadithi hii yote, mgongo wake ukanyooka kuliko tai yake.

"Sawa," alisema. "Ongelea soko. Ongelea choo. Rudi tu."

Shangwe! Pama la Bundala likaanguka likakanyagwa. Mayunga alimkumbatia fundi viatu asiyemjua. Mwanamisi akatwaa kipaza sauti akapiga vigelegele ndani yake, na redio zote za mkoa zikavirudia.

Nyanda peke yake ndiye aliyeona kuwa Method hashangilii.

"Kuna nini?"

"Veronica," alisema Method. "Wakati natoka ofisini nilikuwa nimepaniki. Nimeshamfukuza."

"Umefanya nini?"

"Nimemfukuza kazi. Kwa kuwaweka ninyi hewani bila ruhusa."

Shangwe ikafa. Na katika ule ukimya, redio zote zikakwaruza, halafu ikasikika sauti ya binti, nyembamba lakini imara.

"Wasikilizaji, mko na Veronica. Nimearifiwa kwamba sina kazi. Kwa hiyo nimefunga mlango wa studio kwa ndani, ufunguo uko mfukoni kwangu, na leo sichezi wimbo hata mmoja. Yule baba wa Sapiwi wa mbegu za pamba, piga tena. Nakusubiri."

Mwanamisi aliachia yowe la furaha. Lakini Veronica hakuwa amemaliza.

"Subirini. Kuna mtu anagonga mlango huku." Kelele za mlango zilisikika, ngo ngo ngo. "Nani? ... Anasema yeye ndiye mwenye redio."

Method alishika kifua.

"Haiwezekani," alisema. "Mwenye redio hakuna anayemjua. Hata mimi sijamwona. Maagizo yote yanaletwa na wakili kutoka Mwanza."

Uwanja mzima ukasogea kwenye redio ya muuza nyama. Ufunguo ulisikika ukizunguka. Mlango ukalia. Kisha ikaja sauti ya mwanamke, mtu mzima, ya taratibu, ya mtu asiyezoea kukatizwa.

"Ahsante, mwanangu. Kaa, usiinuke. Hakuna anayekufukuza humu. Nisogezee hicho kipaza."

Bundala alikuwa ameinama kuokota pama lake. Akabaki vile vile, ameinama, macho yamemtoka.

"Mwenyekiti, unaumwa?" aliuliza mgambo.

"Hiyo sauti," Bundala alisema. "Hiyo ni sauti ya mke wangu."

Na kwenye redio zote za Simiyu mama yule akakohoa kidogo, akasema:

"Bundala. Najua unanisikia. Usiondoke hapo ulipo, nakuja."